Kilichokuwa Ghalani kwa Bwana Thirkell

Kila asubuhi Tamsin alianza kazi akiwa amebana pumzi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mtumishi nyumbani kwa Bwana Thirkell, jijini London. Alikusanya vyungu vya haja vilivyolala chini ya vitanda, akashuka navyo ngazi, akavuka ua na kuvimwaga katika shimo la choo. Mkojo ulimrukia viganjani. Hata akijisugua kwa majivu, mkate wake ulinuka choo.

Bwana Thirkell alikuwa karani wa merikebu za mfalme. Kila jioni aliandika shajara, kitabu cha mambo yake ya siku: alichokula, aliyegombana naye, hata tumbo lilivyomsokota. Siku hizo tumbo lilimsokota sana. Watu wote wa nyumba ile walikuwa wakiharisha.

Jumatatu moja bwana alishuka kwenye ghala la chini kuchota bia. Mara Tamsin na Hester, mpishi wa nyumba, wakasikia ukelele kutoka jikoni walikokuwa.

"Mungu wangu! Nimekanyaga mavi!"

Alipanda akichechemea, soksi ya hariri imelowa hadi kifundoni, ikitona. Harufu ikajaa jikoni. Tamsin aliziba pua.

"Pipa la bia limekaa katikati ya uchafu," bwana alisema, uso umemgeuka kijani. "Na jibini! Jibini tuliyokula jana! Hester, ufunguo wa ghala unao wewe. Uvivu gani huu?"

"Mimi, bwana?" Mpishi mzee alishika kiuno. "Nipike kwa mikono hii halafu ninye kwenye chakula? Mimi nguruwe?"

"Nguruwe ana nafuu! Funga virago vyako. Jioni nisikukute."

Hester alianza kukunja aproni zake. Hakuwa na mume wala mtoto, na nani angemwajiri mpishi aliyefukuzwa kwa uchafu? Tamsin alimtazama, akaona kinyaa kikubwa kuliko cha vyungu vyote. Kilikuwa kinyaa cha nafsi yake mwenyewe.

"Si yeye, bwana. Ni mimi."

"Wewe?"

"Siku za mvua. Ua una matope, baridi kali. Bibi Hester akiacha mlango wa ghala wazi, nilikuwa nikimwaga vyungu hapo chini kwenye ngazi."

"Mtoto wewe!" Hester alifoka. "Umetulisha mavi!"

Tamsin alingoja kofi. Lakini bwana aliinamisha macho, masikio yamemwiva kwa aibu. Mwishowe alikwenda kuleta shajara yake, akasoma kwa sauti ndogo: "'Nilirudi nimelewa. Nilishindwa kufika uani. Nilijisaidia ghalani, nikaenda kulala.'" Akafunga kitabu. "Niliandika, nikaona yamekwisha. Hester, nisamehe. Kunjua aproni zako."

"Nitakunjua," Hester alisema, "ghala likiwa linang'aa. Nimeona nyote mnajua kusema kweli. Sasa tuone kama mnajua kufagia. Kukiri ni vyema, Tamsin, lakini mavi hayasikii maungamo. Usipoyaondoa, yatarudi kwako mezani. Haya, bia yote imwagwe, jibini itupwe, maji yachemshwe!"

"Mimi pia?" bwana aliuliza.

Hester alimtupia ndoo.

"Tena vua hiyo soksi nyingine, bwana. Utaichafua."