Niambie Tu, Tumuombee

Mambo yalianza kwa harufu ya sambaza.

Sambaza si kitu cha kushangaza Goma. Vile visamaki vya ziwa vinaanikwa kwenye soko la Kituku, vinauzwa kila kona, vinaliwa hata na wale wanaojidai hawavipendi. Lakini ndani ya kliniki ya Dokta Wenceslas, kule Himbi, harufu yenye ruhusa ilikuwa moja tu, ya javeli ya kusafishia sakafu. Rosine, muuguzi wa hapo, ndiye aliyepiga deki kila asubuhi mpaka macho yakamwasha. Kwa hiyo siku alipofungua mlango akapokewa na harufu ya sambaza waliokaa juani, alidhani paka wa jirani ameingiza kitu. Alitafuta chini ya benchi la wagonjwa, nyuma ya kabati la dawa, hata ndani ya ndoo. Hakuona mwiba wala gamba. Akamwaga javeli mara ya pili. Harufu ikabaki palepale, mwisho wa benchi, upande wa dirisha.

Pale mwisho wa benchi ndipo alipopenda kukaa mama Annonciata, na mama Annonciata walikuwa wamemzika wiki iliyopita.

Alikuwa muuzaji wa sambaza Kituku, mwanamke wa kicheko kikubwa, aliyekuja kliniki na beseni lake magotini kwa sababu hakumwamini mtu wa kumwachia. Dokta alimpima damu, akamkuta na virusi vya ukimwi. Akamwambia polepole, nyuma ya pazia, kwamba kuna dawa ya kunywa kila siku maisha yote, na kwamba akiinywa atazeeka na kuwachosha wajukuu. Annonciata alilia, kisha akacheka, kisha akaomba kitu kimoja tu: mtu asijue. Dokta alimwonyesha maneno yaliyopakwa rangi ya buluu juu ya mlango: SIRI YA MGONJWA INABAKI HAPA. Rosine alikuwepo. Yeye ndiye aliyempa vidonge vya kwanza.

Sasa, Rosine hakuwa msengenyaji. Hilo lisemwe mapema, maana wasengenyaji tunawajua, na kama angekuwa mmoja wao hadithi hii ingekuwa fupi. Rosine alikuwa mtu wa huruma na mtu wa sala. Kila Alhamisi jioni, jua likiwa bado lipo, alikwenda kwenye shirika, pale majirani Wakatoliki wa mtaa wanapokutana nyumbani kwa mmoja wao kusali. Kiongozi wao, mama Émérance, alikuwa na desturi ya kuuliza kabla ya sala ya mwisho, "Nani iko na intention?" Ndipo kila mtu anataja anayetaka aombewe: mtoto anayefanya mtihani, mume aliyekwama Butembo na mizigo. Na Alhamisi moja Rosine, kwa sauti yenye machozi, alisema, "Tumuombee mama Annonciata wa Kituku. Ameanza ile dawa ya kunywa maisha yote. Mungu amupe nguvu."

Wote wakasema amina. Wengine walilia. Penye wengi pana Mungu, lakini penye wengi pana midomo pia. Mama Émérance alikuwa mteja wa Kituku, na kesho yake alipokwenda kununua sambaza aliwaambia wauzaji wengine, kwa nia njema kabisa, ili nao waombe. Wakaomba. Pia wakasogeza meza zao mbali na ya Annonciata. Wanunuzi wakampita. Mume wake akamtupia nguo nje. Annonciata akakimbilia kwa kaka yake Kibati, na kwa aibu hakurudi tena kuchukua dawa. Homa ya mapafu ikamkuta bila kinga.

Rosine aliposikia amezikwa, alikaa chini sakafuni akalia kama mtoto. Hakumwambia mtu kwa nini.

Siku ya pili ya ile harufu ilinyesha mvua kubwa, umeme ukakatika, na benchi lilikuwa limejaa, isipokuwa kule mwisho penye harufu. Rosine alikuwa nyuma ya pazia akimtoa damu Ruffin, kijana wa kuendesha moto, zile pikipiki za abiria, alipomsikia mtu akizungumza kule kwenye benchi. Ilikuwa sauti ya upole, yenye machozi kidogo.

"Tumuombee Ruffin wa moto. Ana kisonono. Bibi yake wa ndoa hajue."

Rosine akaichomoa sindano. Sauti ile ilikuwa yake mwenyewe.

"Mama Rosine," Ruffin alinong'ona, "juu ya nini unaniuza?"

"Si mie, Ruffin. Niko hapa na weye. Umeona kinywa yangu ikifunguka?"

"Sikuangalia kinywa yako, niliangalia sindano! Lakini sauti ni yako. Naijua."

Akatoka na mkono wa shati umekunjwa bado, akapita katikati ya watu wasiotaka kumtazama usoni. Na wale wa kwenye benchi, mmoja baada ya mwingine, waliapa kwamba hakuna aliyesema neno, kwamba sauti ya muuguzi ilitoka mwisho wa benchi, upande wa dirisha, ambapo hapakuwa na mtu.

Tangu hapo ikawa kila siku. Wagonjwa wakapungua. Dokta Wenceslas alimwita Rosine ofisini, akafunga mlango.

"Rosine, hii kazi iko na mulango moja tu, njo kinywa. Ukiacha wazi, batu banakufa. Unanielewa?"

"Docta, ninaapa, si mie niko nasema."

"Ni nani basi?"

Harufu ya sambaza ikapita chini ya mlango. Rosine akaiona kabla ya kuinusa, kwa jinsi pua ya dokta ilivyokunjamana. Akafunika mdomo wake kwa mikono yote miwili, akabana mpaka vidole vikawa vyeupe, na akiwa amesimama hivyo mbele ya bosi wake, sauti yake ikasema nyuma ya kiti, "Tumuombee Docta Wenceslas. Mukono yake ya kuume imeanza kutetemeka. Hataki batu bajue."

Dokta aliuficha mkono mfukoni. Mvi zake zilionekana nyingi kuliko jana.

"Tafuta mutu," alisema hatimaye. "Mie sina dawa ya hii."

Rosine hakuogopa kufukuzwa kazi. Kilichomkosesha usingizi kilikuwa Charline. Charline alikuwa mke wa mtoto wa mama Émérance, yuleyule kiongozi wa shirika, na waliishi nyumba moja. Mimba yake ilikuwa kubwa, na alikuwa na ugonjwa uleule wa Annonciata. Kila Jumanne aliaga nyumbani kwamba anakwenda kununua makala, yaani mkaa, akapita kliniki kuchukua dawa ili mtoto azaliwe salama. Alikwisha kumwambia Rosine, bila kupandisha sauti, "Siku wakijua kwangu, nitafanya kama ule mama wa Kituku. Nitaenda na sitarudia kuchukua dawa." Jumanne ilikuwa inakuja. Ile sauti ingesema jina lake mbele ya benchi, na mtoto angelipa deni la mdomo wa Rosine.

Ndipo alipokwenda kwa mama Niyibizi, bibi wa kutoka milima ya Masisi, aliyekaa katika nyumba ya mbao juu ya mawe meusi ya volkano. Alikuwa na rozari shingoni, lakini watu walimjia kwa mambo ambayo mapadri hawapendi kuulizwa. Alimsikiliza Rosine huku akichambua maharage.

"Ile sauti iko nasema vitu unajua, ao vitu haujue?"

Rosine alifikiri. "Vile ninajua tu."

"Njo hivyo basi. Haina kinywa, mutoto wangu. Iko nakula mu kinywa yako. Weye uliiwekea sahani."

"Ni Annonciata?"

"Ni ile aibu alikufa nayo. Aibu ikikosa mwenyewe inatafuta ule aliizaa." Alitupa harage bovu nje ya mlango. "Utarudia fasi ile, mu shirika, ulisemea lile neno. Utakiri kosa yako mbele yao. Lakini sikiliza muzuri: jina ya marehemu usiitaje tena, na ugonjwa yake usiutaje. Watakuuliza. Ukimufungua mara ya pili, haitakuacha mpaka kaburini."

Alhamisi hiyo shirika lilikutana kwa mama Émérance mwenyewe. Charline alikaa kwenye kona, mikono juu ya tumbo. Walisali rozari, wakaimba, jua la jioni likaingia mlangoni na kulala sakafuni, na wakati mama Émérance alipouliza nani ana intention, harufu ikaingia pia, kwanza kidogo, kama beseni limepitishwa nje barabarani, kisha nzito, kisha nzito zaidi, mpaka Rosine akaihisi imekaa begani kwake, ikamtambaa shingoni, ikaingia puani na kushuka kooni, na akajua kwamba wengine hawainusi, kwamba imekuja kwa ajili yake peke yake, na kwamba asiposema sasa kwa hiari yake itasema yenyewe kwa sauti yake, na itaanza na yule binti wa kwenye kona.

Alisimama.

"Mie niko na intention. Siku moja nilitoa siri ya mugonjwa hapa. Niliita sala, lakini ilikuwa siri yake, haikuwa yangu. Ule mutu amekufa na haya. Ninaomba musamaha kwa Mungu na kwa marehemu."

Kisha mama Émérance akasema kwa upole, "Aksanti kwa kujinyenyekeza, mama Rosine. Ni marehemu gani?"

"Mungu anamujua."

"Na sisi? Tutaombea mutu gani bila jina?"

"Alikuwa mugonjwa ya nini?" mtu aliuliza nyuma. Viti vililia, watu walikuwa wamesogea mbele. Sikio halilali na njaa.

"Niambie tu, tumuombee," mama Émérance alisema.

Jina likapanda kwenye ulimi wa Rosine lenyewe, limelowa, lina magamba. Na nyuma ya jina hilo lilikuja la pili, la Charline, likisukuma ili litoke nalo. Rosine akauma ulimi. Akauma mpaka damu ikamjaa mdomoni, akaimeza, akasema, "Sisemi."

Walikasirika, bila shaka. Mmoja alinung'unika kuhusu kiburi. Lakini ile harufu ilimtoka Rosine kooni, ikashuka begani, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akavuta pumzi iliyokuwa pumzi tu. Aliona mama Émérance akisugua pua kwa kitenge chake. Hakulitilia maanani.

Jumanne kliniki ilinukia javeli. Charline alikuja na kikapu chake cha makala, akapita mbele ya benchi, na hakuna sauti iliyosema kitu. Nyuma ya pazia Rosine alimpa dawa yake, akamshika mikono, akatokwa na machozi ya furaha asiyoweza kuyaeleza. Charline alimcheka.

"Mama Rosine, uko nalia nini? Ni mie niko na mimba."

Mlango wa nje ukalia. Rosine akachungulia, kisha akamwashiria Charline abaki palepale na asipumue kwa nguvu. Aliyeingia alikuwa mama mkwe wake.

Mama Émérance alikuwa amejifunga kitenge mdomoni kama mtu mwenye jino bovu. Hakusalimu. Alikwenda kukaa mwisho wa benchi, upande wa dirisha, akakishusha kitenge kidogo.

"Mama Rosine," alinong'ona, "kwangu kuko mutu iko nasema na sauti yangu."

Rosine akamsogelea. "Inasema nini?"

"Kila kitu nilisikia mu shirika. Vya batu bote. Majirani wananitukana, bwana yangu hanisemeshe tena. Na wauzaji wa Kituku, ile siku mie niliwaambia..." Akaishia hapo, machozi yakimtiririka. "Ninafunga kinywa, na inasema. Jana jioni ikaacha kusema. Ikaanza kuuliza."

"Kuuliza nini?"

Mama Émérance akatikisa kichwa. Akakipandisha tena kitenge juu ya mdomo, akakibana kwa mikono yote miwili, macho yamemtoka. Harufu ya sambaza ikajaa chumba, na nyuma ya pazia kikapu cha makala kikagonga sakafu.

"Charline iko nakunywa dawa gani?" sauti ya mama Émérance iliuliza, taratibu, kutoka mahali palipokuwa karibu na sikio la Rosine kuliko na benchi. "Niambie tu, tumuombee."

Rosine akauma ulimi palepale ambapo kidonda hakijapona. Sauti ikangoja kidogo, kisha ikauliza tena.