Vichupa vya Giwon kwenye Friji

Kituo cha Sindorim asubuhi hakina huruma na mtu. Nari, koti lake la kijivu limefungwa hadi kidevuni, alikuwa akijikokota kubadilisha treni pale kijana mmoja mwenye tai ya buluu alipomsukumia mkoba mikononi.

“Dada, nishikie! Tumbo!” Akatimka kuelekea chooni.

Treni mbili zikampita. Kijana aliporudi, jasho lilikuwa limemlowanisha kola.

“Hukukimbia nao?”

“Mwizi gani anasinzia wima?” Nari akapiga mwayo.

Walianza hivyo, watu wawili waliochoka. Giwon, kijana huyo, alikuwa na vidonda vya utumbo mpana. Dawa moja ikigoma, anapewa nyingine. Nari alikuwa akikuza seli shina, zile zinazozaa seli nyingine, maabarani na kukusanya eksosomu, vifuko vidogo mno ambavyo seli hizo hutoa ili kupelekeana ujumbe. Vilikuwa vikituliza matumbo ya panya yaliyovimba. Seli hula kila siku, hata sikukuu ya mavuno ya Chuseok watu wote wakiwa makwao, kwa hiyo mapenzi yao yalikaa zaidi kwenye simu.

“Umekula, mpenzi?” Nari angeuliza.

“Uji mweupe.”

“Tena?”

“Huyo ndiye mke mkubwa. Wewe bi mdogo, kaa kwa adabu.”

Majani yalipoanza kudondoka, Giwon akaanza kutokwa na damu chooni. Walikutana kwenye duka la uji, Giwon suti ikimpwaya mabegani.

“Niletee kichupa kimoja tu cha eksosomu zenu, Nari.”

“Hapana.”

“Panya wanapona, mimi nife?”

“Panya akifa tunampasua tujue kwa nini. Wewe nikupasue? Vyetu havijajaribiwa kwa mtu hata mmoja!”

“Sema tu hunipendi.”

Akaondoka, uji ukabaki unafuka. Nari alipiga simu, haikupokelewa. Akaendelea kulisha seli zake, roho imekufa ganzi.

Theluji ilikuwa inaanguka simu ilipolia.

“Nimelazwa,” sauti ya Giwon ilikuwa nyembamba. “Niletee nguo. Namba ya siri ya mlango sijabadilisha.”

Chumbani kwake Nari alifungua friji atupe vilivyooza. Karibu na kopo la kimchi, kabichi ya pilipili ambayo Giwon hakuweza kuila, vilijipanga vichupa vyenye maandishi ya dhahabu: eksosomu, kwa ngozi ya uso. Ni vile vinavyouzwa kwenye kliniki za urembo kule Gangnam. Zaidi ya nusu vilikuwa vitupu. Nari akakaa sakafuni akacheka peke yake, kisha akalia.

Hospitalini alikiweka kimoja juu ya kitanda.

“Ulikuwa unapaka?”

“Nilikuwa nakunywa.”

“Na dawa zako?”

Giwon akatazama ukutani. “Niliacha. Nikadhani ndicho kile ulichoninyima.”

“Hiki ni cha makunyanzi, bwana wewe!”

“Basi utumbo wangu unang’aa.”

Nari alitaka kumpiga, akaishia kumshika mkono. Ulikuwa mifupa mitupu. “Kila siku nafungua jokofu la kazini, vichupa viko pale, mkono unaniwasha. Ningekuwa nakupenda kidogo tu, Giwon, ningekuletea.”

Machozi yalimtiririka Giwon mpaka sikioni na hakuyafuta.

“Wamenirudishia dawa. Zikishindwa, wanaukata utumbo, niishi na mfuko wa choo tumboni. Utaweza?”

“Mkoba wako niliushika hata jina lako silijui.”

Muuguzi aliingia na dripu mpya, akamtazama Nari aliyekuwa tayari amekivuta kitanda kifupi cha ndugu wanaolala na mgonjwa kutoka chini ya kitanda cha mgonjwa.

“Wewe ni nani wake?”

“Mchumba wake.”

Giwon akainua kichwa. “Tangu lini?”

“Tangu Sindorim,” Nari akasema, akijifunika koti lake la kijivu. “Lala, nimechoka.”