Mlango wa Kasri

Haya yalimfika rafiki yangu Nadra wa Mbweni, nami nayasimulia kama alivyonieleza. Kaka yake, Msabah, alifariki Uroa wakiwa wamenuniana kwa ajili ya nyumba ya marehemu mama yao. Alipougua, Nadra hakwenda kumtazama. Baada ya arobaini, wifi yake akamletea sidii ya mchezo wa kompyuta wa Kiingereza ambao yeye na Msabah walikuwa wakiucheza utotoni: msafiri anazunguka kwenye kasri, nawe unamwandikia la kufanya.

Kompyuta mpya iliukataa. Nadra akahangaika mpaka akapata programu inayoiga mashine za zamani, na alasiri moja mchezo ukafunguka. Mara umeme ukakatika. Madirisha yalikuwa yamefungwa kwa mvua, chumba kikawa giza, laptopu ikabaki ikiwaka kwa betri. Msafiri alikuwa amesimama mbele ya mlango, hasogei, lakini nyayo zilisikika, taratibu, zikija kutoka ndani.

Nadra akaandika kwa Kiingereza: fungua mlango.

Nyayo zikanyamaza. Jibu likajiandika herufi moja moja, kwa Kiswahili:

“Ngoja nje, Nadra. Mama hajakubali uingie.”