Barua ya Damu ya Naima

Ulipita, usikane. Jumatatu, tarehe 15 Machi 1993, saa kumi na mbili asubuhi, Mtoni, Temeke. Bi Tunu alikuwa maiti kwenye majivu ya kibanda chake, nawe ukakaza mwendo. Ulishaambiwa ni mchawi, kawamaliza watoto wawili wa jirani yake Mwajabu. Ikakutosha.

Sajenti Demetria hakupita. Alianza na Marijani, mume wa Mwajabu ambaye pia ni binamu ya mkewe, aliyenuka petroli.

"Mie fundi gereji, afande. Ulitaka ninuke udi?"

Muuguzi alithibitisha: tangu Jumapili mchana Marijani alikuwa wodini na Naima, mtoto pekee aliyebaki. Miaka minne, umbo la miaka miwili, homa haziishi, kama za nduguze waliokufa.

"Damu yake ilipelekwa kupimwa Ulaya," Mwajabu alisema. "Majibu bado. Yatakuja sanduku la posta la kaka yangu Sadallah. Barua za ukoo mzima zinapita kwake, ufunguo anao yeye."

Daktari aliyeipeleka damu, wa hospitali nyingine, alishangaa, majibu alishayatuma kwa rejista. Kitabu cha posta kilisema: Jumatano tarehe 10, saa nne asubuhi, sahihi ya Sadallah.

Demetria akamfuata nyumbani, Mwajabu nyuma yake.

"Barua? Sijaiona," alisema Sadallah.

"Binti yako Raudha alikuwa aolewe na mdogo wake Marijani. Uchumba ulivunjika lini?"

"Alhamisi."

"Kesho yake tu! Kwa nini?"

Demetria akafungua nakala ya barua aliyopewa na daktari, akasoma. Seli ikijigawa hunakili kwanza maandishi yote ya urithi. Jeni inayoanzisha unakili huo ni mbovu kwa Naima, kairithi kwa baba na kwa mama. Hakui, kinga zake haba. Aletwe upesi aanze dawa. Mabinamu wapimwe kabla ya kuoana.

"Ukamwokoa wako," Mwajabu alisema. "Wangu anaungua homa siku tano, kaka, barua unayo!"

"Nani angemwoa Raudha, wakijua damu yetu mbovu?"

"Ndiyo ukawaambia vijana wa kijiweni ni Bi Tunu?" aliuliza Demetria.

"Nilisema tu. Kiberiti sikushika mie."

Mwajabu hakumjibu. Alikwishatoka, anakimbilia wodini na ile nakala.

Naima kaanza dawa. Sadallah yuko rumande. Waliochoma wanakunywa kahawa kijiweni, maana mtaa mzima eti haukuona kitu. Wewe ulimwona aliyebeba dumu, na jina lake unalijua. Geuza njia sasa hivi, ingia kituoni, umtaje.