Bei ya Sekunde Thelathini

Saa 4:10 asubuhi

Chumba kilikuwa nyuma ya duka la magodoro. Nyundo alikichagua kwa sababu magodoro hayapitishi sauti, na alitaka mtu amsifie kwa akili hiyo. Hakuna aliyemsifia.

Walikuwa wanne. Nyundo mwenyewe, mkuu wa kazi, shingo nene, sauti ya chini. Mpwa wake, dereva, simu haimtoki mkononi. Kijiti, mwembamba, bastola kiunoni. Na dada yake Kijiti, ambaye wote walimwita Mizani, kompyuta mapajani, uso umekunjwa tangu aingie.

Mizani hakuwa jambazi. Alikuwa mwandishi wa programu, na nusu ya mfumo wa kampuni waliyokuwa wanakwenda kuivamia aliuandika yeye. Kampuni hiyo iliwauzia watu wa mtaa mzima sarafu yake ya mtandaoni, mama yake Mizani akiwemo. Siku watu walipotaka akiba zao, ikafunga mlango wa kutolea na kuacha wazi ule wa kuwekea. Mizani aliuliza kwa nini. Jibu lake likawa kufukuzwa kazi mbele ya wenzake.

Kwa hiyo hasira alikuwa nayo. Lakini hasira iliyomnyima usingizi ilikuwa juu ya Nyundo, aliyemvuta Kijiti, mdogo wake, kwenye kazi hizi za kishetani. Mapatano yalikuwa haya: Mizani afanye kazi hii moja, na Kijiti awe huru.

"Haya, tufundishe," Nyundo alisema. "Kwa lugha ya watu."

"Sarafu ni ya kampuni. Mkurugenzi akipiga simu moja, anaifunga popote ilipo, inabaki takataka. Kwa hiyo ikiingia kwetu, tunaibadilisha papo hapo iwe sarafu nyingine asiyoweza kuigusa. Kuna huduma ya bei, mafundi wanaiita API. Programu yangu inauliza: nikikupa kiasi hiki, unanipa ngapi? Inajibu bei. Bei hiyo inaishi sekunde thelathini. Nikikubali ndani yake, tumebadilisha. Nikichelewa, imekufa, naanza upya."

"Tubadilishe zote kwa mpigo."

"Ukiutupa mzigo wote sokoni kwa mpigo, bei inaporomoka. Tunakata vipande vinne."

"Na mimi?" Kijiti aliuliza.

"Unabaki juu na bunduki mpaka kipande cha tatu, mtu yeyote asiguse simu. Cha nne nabonyeza ukiwa umeshaitwa na umeshajibu. Hilo Nyundo ameapa."

"Nimeapa," Nyundo alisema, akiangalia kucha zake.

"Jambo la mwisho. Huduma inatutambua kwa ufunguo mmoja, ule wa akaunti aliyofungua Nyundo. Ufunguo una kikomo cha maswali kwa dakika. Ukizidisha, wanakufungia nje. Programu yangu inauliza karibu na kikomo. Kwa hiyo anayeuliza ni mimi tu. Mwingine asiguse."

Nyundo akaitikia kwa kichwa. Mpwa naye akaitikia, macho kwenye simu.

Saa 8:05 mchana

Gari lilisimama uchochoroni nyuma ya jengo la kampuni, jua linachoma bati. Nyundo na Kijiti walipanda juu wakiwa na mavazi ya mafundi wa viyoyozi. Mizani alibaki nyuma ya gari, jasho likimchuruzika mgongoni, akifikiria mikono ya mdogo wake. Kijiti akiogopa, mikono humtetemeka. Tangu utotoni.

Saa 8:17

Sarafu ziliingia. Zote. Mkurugenzi alikuwa ameridhia, na Mizani hakutaka kujua ameridhishwaje.

Nyundo akarudi mbio peke yake, akaruka ndani, akafunga mlango. Redio mkononi.

"Kijiti amewalaza chini. Piga kazi."

Kipande cha kwanza. Bei ikaja. Akabonyeza. Imepita.

Cha pili. Imepita.

Nyundo akacheka kwa pua. Mizani hakucheka. Akauliza bei ya kipande cha tatu.

Jibu likaja kwa herufi nyekundu: Umezidisha maombi. Subiri dakika tatu.

Akadhani amekosea. Akafungua kumbukumbu za programu yake, akapitia. Maswali yake yalikuwa chini ya kikomo. Lakini huduma ilihesabu karibu maradufu. Mtu mwingine alikuwa anauliza kwa ufunguo uleule, muda uleule, bila kupumzika.

Akainua macho. Kiti cha mbele, simu ya mpwa ilikuwa gotini, namba zinapanda na kushuka.

"Unafanya nini wewe?"

Mpwa akaifunika simu kwa kiganja. "Mjomba aliniambia nihakikishe bei. Usije ukatupiga."

"Nilisema nini asubuhi? Nilisema nini!"

"Ungeweza kutudanganya," Nyundo alisema. "Wewe ni msomi. Nimeweka jicho. Kosa liko wapi?"

"Jicho lako ndilo limetufungia mlango!" Mizani alipiga ngumi bati la gari. "Nilijipanga na polisi, nilijipanga na soko, kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Zima hiyo simu kabla sijaivunja na meno!"

Mpwa akazima. Haikusaidia kitu. Dakika tatu ni dakika tatu.

Saa 8:21

Redio ikakoroma.

"Nyundo, bado?" Ilikuwa sauti ya Kijiti, nyembamba. "Mama wa chai amegonga mlango. Ameona umefungwa, ameshuka anakimbia."

"Tulia," Nyundo alimjibu. "Usitoke hata kidogo."

"Mtoe," Mizani alisema. "Mtoe sasa hivi."

"Akitoka, mkurugenzi anapiga simu. Tunabaki na takataka."

"Ni mdogo wangu!"

"Na mimi nina mzigo wangu."

King'ora kikasikika, mbali bado, upande wa barabara kubwa. Mpwa akawasha gari bila kuambiwa.

Saa 8:22

Herufi nyekundu zikatoweka. Mizani akauliza bei ya vyote viwili vilivyobaki kwa pamoja. Ikaja, mbaya kidogo, lakini bei. Thelathini. Ishirini na tisa.

"Bonyeza," Nyundo alisema.

"Mwite kwanza. Nikisikia amejibu, nabonyeza."

Nyundo akamtazama kama mtu anayetazama mbwa aliyeketi juu ya kiti chake. Kisha akainua redio mdomoni.

"Kijiti. Toka. Shuka ngazi za nyuma, tunakusubiri."

Kimya. Kumi na tisa. Kumi na nane.

"Umesikia, nimemwita. Bonyeza!"

Mizani alikuwa anatazama kidole gumba cha Nyundo. Kilikuwa kimelala kando ya kitufe cha redio, kile cha kuongelea. Hakikukigusa hata mara moja.

Akaondoa mikono kwenye kompyuta, akaikunja kifuani.

"Ulikuwa unaongea na nani, Nyundo?"

Nyundo akachomoa bastola yake, akampiga kwa kitako juu ya jicho. Damu ikamziba. Nyundo akajitupa juu ya kompyuta, vidole vinene vikitafuta pa kubonyeza, akitukana mama za watu. Mizani aliisoma skrini kwa jicho lililobaki. Tatu. Mbili. Bei ikafa.

"Uliza tena! Uliza tena, mwanaharamu!"

"Uliza mwenyewe. Si umeweka jicho?"

"Mjomba, polisi!" mpwa alipiga kelele, na gari likaanza kwenda. Mizani akavuta komeo la mlango, akajiachia. Lami ikampokea kwa bega.

Gari lilikata kona. Hakuligeukia. Akainuka, akakimbilia ngazi za nyuma, akiita jina halisi la mdogo wake, lile la nyumbani, kwa sauti yote aliyokuwa nayo. Huko juu risasi zikalia. Moja. Kisha mbili pamoja.

"Lala chini! Mikono ionekane!" polisi alifoka nyuma yake.

Akalala. Buti likamkalia mgongoni.

Walimshusha Kijiti wakimburuta, shati limelowa upande mmoja, na wakambwaga chini karibu naye, pingu nyuma. Alikuwa anapumua. Mikono ilikuwa inamtetemeka.

"Dada." Alihangaika kugeuza shingo. "Mbona uko hapa? Si mmemaliza?"

"Kwa nini hukutoka, wewe? Kwa nini hukukimbia?"

"Nyundo aliniambia nisitoke hata kidogo," Kijiti alisema. "Nikajua ni wewe umemtuma."