Povu la Mkunazi Falajini

"Njoo uyaone maji haya, Kuruthum!"

Shangazi Ghaniya alikuwa amechuchumaa kule falaji, mfereji wa maji wa kijiji, inakoishia, kwenye shamba lao la mitende. Asubuhi hiyo zamu ya maji ilikuwa yao. Kuruthum akaja mbio, akaona povu linaelea mferejini, na ndani yake majani ya mkunazi yaliyopondwa.

"Huko juu kuna mtu anaoshwa," alisema shangazi.

Kijiji chao, nyuma ya mji wa Ibra, Omani, kina bomba kila nyumba. Lakini watu wa aina mbili bado huletwa falajini kama zama za mababu: bi harusi na maiti.

"Nani kafa?"

"Sijasikia tangazo. Ila gari ya mchumba wako nimeiona alfajiri, iko mlangoni kwa babu yake."

"Marhoun? Yuko sokoni Sinaw, ananunua mbuzi wa harusi yetu!"

"Mwanangu, mie nina macho. Yule mzee si aliapa mjukuu wake hamuoi ila Taghreed, mtoto wa ami yake? Basi ndiyo maji ya Taghreed hayo."

Kuruthum alipiga simu. Imezimwa. Akapiga tena, imezimwa vilevile. Pete ya mtu kidoleni, halafu aozwe mwingine kimyakimya, kijiji hichohicho! Wivu ukampanda kichwani, akaandika:

"Oga vizuri, bwana harusi. Yawe maji yako ya mwisho."

Akatuma.

"Khalas, nimemaliza naye."

Shangazi alikuwa ameteka maji kwa kiganja, akayasogeza puani, na uso wake ukabadilika.

"Ya Rabbi. Kafuri."

"Kafuri?"

"Bi harusi hatiwi kafuri, Kuruthum. Kafuri ni ya maiti."

Hapo hapo simu ikalia. Kundi la kijiji: "Inna lillahi. Msiba nyumbani kwa kina Marhoun. Maziko baada ya Adhuhuri."

Jina la maiti halikuwemo.

Kuruthum alivua viatu akakimbia, anaufuata mfereji kwenda juu. Kila akivuta pumzi, harufu ya kafuri inazidi.

"Ya Allah, sikukusudia," alisema peke yake. "Sikukusudia."

Marhoun alikuwa amekaa ukutani nje ya chumba cha kuoshea maiti, jirani na nyumba yao, mikono ya kanzu imekunjwa, inamdondoka maji. Yu hai. Kuruthum akaangua kilio.

"Ni babu," alisema Marhoun bila kumtazama. "Aliniita jana, nikarudi. Simu ikanizimikia njiani. Nimemuosha mwenyewe."

"Marhoun, mimi nilidhani..."

"Unajua aliniitia nini? Aliniambia, muoe yule binti, nimeridhia." Akatoa simu mfukoni. "Nimeichaji sasa hivi. Ujumbe wako ndio wa kwanza kuingia."

"Nisamehe. Wallahi wivu ulinipofua."

"Siku zote yeye anakukataa, mie nakutetea. Leo kakukubali, wewe unaniombea kifo."

Ndani ya nyumba wanawake walikuwa wakilia.

"Nenda kwa mama," alisema Marhoun.

"Wakiniuliza nimekuja kama nani?"

Marhoun alilitazama povu la mwisho likishuka kuelekea mitende ya kina Kuruthum.

"Waambie mke wa Marhoun." Akamnyooshea simu. "Ila ule ujumbe ufute wewe. Mikono yangu bado ina kafuri."

Kuruthum aliufuta, akajitanda shela yake, akaingia msibani.