Nilinunua Kofia Moja Tu ya Nyuki

Nina miaka hamsini na nne, na mpaka mwaka jana ningekuapia kwamba hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nilishaona yote! Shule niliachia darasa la tatu. Nilibeba magunia kwenye stesheni ya Kamina nikiwa na kaptula moja, ya kufua usiku na kuvaa asubuhi. Nililala juu ya samaki wakavu wa Malemba-Nkulu, ndani ya behewa, siku nne treni imekwama porini. Niliibiwa, nikaanguka, nikaanza tena. Leo nina depo ya unga, nina kamyo ya kubebea magunia, nina nyumba tatu za matofali ya kuchoma. Hakuna aliyenipa hata msumari! Mimi njo Papa Monga, muulize yeyote pale sokoni.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaojisifu kama nilivyojisifu mimi...

Mtu akishapata, anatafuta kitu cha kufurahisha roho. Wengine wanatafuta wanawake. Mimi nilitafuta nyuki. Nilitaka asali yangu mwenyewe, na kutoka kwenye asali ile nitengeneze divai yangu mwenyewe, nyumbani, niwape wageni na kusema: hii haikutoka dukani, imetoka kwangu.

Mke wangu alikuwa Ngoie. Tuliishi pamoja miaka ishirini na sita. Ngoie alizaliwa katika watu wa nyuki. Baba yake alikuwa mpanda-mizinga, mrina asali wa juu ya miti, na kaka yake mkubwa, Kasongo, anaifanya kazi hiyo mpaka leo, kilomita kadhaa nje ya mji. Kasongo hakuniuzia nyuki. Alinipa bure, shemeji kwa shemeji. Alikuja na mzinga wa gome kwenye baiskeli, akawahamishia nyuki katika masanduku mawili niliyochongesha kwa seremala, akayaweka nyuma ya nyumba katika lupango wangu, karibu na ukuta wa ua.

Akaniambia mambo matatu tu.

"Shemeki, usifungue jua likiwa kali. Usifungue peke yako, mwenye kushika moshi na mwenye kufungua, bote bafunike uso. Na usifungue ukiwa umekunywa. Ata kikombe kimoja. Banyuki banasikia pumzi."

Nilicheka! Nikamwambia, "Kwa hiyo banyuki yako balibatizwa? Bale ba kanisa ya kukataza pombe?"

Kasongo hakucheka. Ngoie ndiye aliyecheka, akaweka mkono mdomoni. Halafu akanishika bega, akasema, "Baba Kyungu, kwetu njo sheria. Baba yetu akikunywa Jumapili, mizinga anaenda Jumanne."

Kyungu ni binti yetu wa kwanza. Ana miaka ishirini na tatu. Mtamsikia mbele.

Nikaenda kununua kofia ya wavu kwa Bwana Saidi, yule mfanyabiashara wa ukoo wa Maniema, mwenye duka la vyombo. Ngoie alinifuata. Saidi alikuwa amepata kofia mbili kutoka Lubumbashi, nzuri, zenye wavu mweusi unaofunika mpaka kifuani.

"Papa Monga, beba zote mbili," akasema. "Moja ni elfu kumi na nane."

"Elfu kumi na nane juu ya kofia na chandarua? Saidi, unataka kwenda hija na makuta ya mfuko wangu?"

Watu dukani walicheka. Saidi naye alicheka. Tukabishana bei kama tunavyobishana siku zote, lakini hakushuka. Mwishowe nikatoa pesa ya moja.

Ngoie akaniuliza polepole, "Na ya miye?"

Nikamjibu mbele ya watu, "Weye ni mutoto ya banyuki. Bandugu zako batakuuma?"

Watu wakacheka tena... Ngoie aliangalia chini. Saidi akaitundika ile ya pili kwenye msumari, juu ya masufuria. "Haya," akasema, "nakuwekea. Siku utataka, iko hapa."

Ndugu wasomaji, faranga elfu kumi na nane! Mimi ninayelisha watu kumi na wawili mezani kwangu! Sikukosa pesa. Nilitaka tu kumwonyesha Saidi kwamba hanishindi.

Mwanzo wote ulikuwa mzuri. Ngoie alinifundisha, ingawa kwa majirani nilisema nimejifundisha mwenyewe. Alinionyesha namna ya kuwasha magome makavu ndani ya kopo ili yatoe moshi bila moto, namna ya kuinua kifuniko taratibu, kama unayemfunua mtoto aliyelala. Yeye alishika moshi, amejifunga kikwembe chake, kile kitambaa cha kiunoni, kichwani na puani. Tulifungua asubuhi mapema, tumbo likiwa na chai tu. Nyuki walitulia.

Divai nayo ilikuja. Asali, maji ya kuchemsha yaliyopoa, hamira kidogo, na maganda ya nanasi, ndani ya bidoni za njano za lita ishirini. Juu nilipitisha mpira mwembamba mpaka kwenye chupa ya maji, ili hewa itoke na nzi wasiingie. Usiku ungesikia chumba kizima kinasema blup... blup... Baada ya miezi minne niliyoonja ilikuwa ya rangi ya dhahabu, tamu mbele, kali nyuma. Nilijiona mfalme!

Ikafika ile Jumapili.

Nilialika wafanyabiashara wenzangu watano baada ya ibada. Tulikula bukari ya unga wa depo yangu na kuku, kisha nikaleta divai. Kikombe cha kwanza, cha pili, cha tatu. Walinisifu, isipokuwa mmoja, muuza saruji, mtu wa maneno mengi.

"Papa Monga, divai ni muzuri. Lakini sema ukweli, asali ulinunua ku soko, haina vile? Weye na banyuki? Weye unajua magunia!"

Wote wakapasuka kicheko. Jina langu mwenyewe linachekwa, ndani ya lupango wangu! Nikasimama. Nikasema watoke wote nyuma, waone kwa macho yao.

Ilikuwa saa nane ya mchana. Jua lilikuwa kama chuma kilichotoka motoni.

Ngoie akanikimbilia na mikono yenye majivu ya vyombo. Alinishika mkono, akaongea kwa sauti ya chini asinitie aibu.

"Baba Kyungu, hapana leo. Unanukia divai. Kesho asubuhi, nitakuamsha miye."

"Leta moshi."

"Basi nipe kofia, nifungue miye. Weye ukae mbali."

Angalieni! Alitaka kuiokoa heshima yangu kwa uso wake. Nami nilimjibu nini? Nilivaa kofia, nikamwambia mwanamke hanifungulii sanduku langu. Leta moshi!

Akaleta. Hakupata hata muda wa kujifunga kikwembe vizuri.

Wageni walisimama mbali, kwenye kona ya nyumba. Sikungoja moshi uingie. Niliinua kifuniko kwa nguvu, kama ninavyoinua gunia. Kilikuwa kimegandishwa na nta... kikachomoka ghafla, kikaniponyoka, kikaangukia masega.

Ile sauti sitaisahau. Si mlio wa nyuki, ni kama treni inayoingia. Walitoka wengi mpaka sanduku likaonekana jeusi. Walinigonga usoni, kwenye wavu, hawakupita. Ndipo wakamwona aliyesimama nyuma yangu bila wavu.

Ngoie alipiga kelele mara moja tu. Alisema, "Monga!" Miaka ishirini na sita hakuwahi kuniita kwa jina.

Sasa nitaandika kile ambacho nilikificha. Nilikimbia. Mimi niliyefunikwa mpaka kifuani, nilikimbia! Niliingia mlango wa nyuma, nikaufunga, nikatia komeo. Nilimsikia anapiga mlango kwa viganja. Nilisema moyoni, nikifungua wataingia wote... Nikamwacha hapo. Ndani ya nyumba, bidoni zilikuwa zinasema blup, blup.

Aliyemtoa ni Kyungu. Alijitupia blanketi lililoloweshwa maji, akamfunika mama yake, akamburuta mpaka barabarani. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, Kyungu nyuma amemshika. Uso wa Ngoie haukuwa uso tena. Jioni nilipokaa kando ya kitanda, alitafuta mkono wangu, akasema kwa midomo iliyovimba:

"Weye... banyuki balikuuma?"

Nikasema hapana. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepokea habari njema. Kabla ya Jumatatu mchana alikuwa amekufa.

Kwao Ngoie, mke akifa, jeneza halitoki mpaka mume akae mbele ya ndugu zake, aeleze kifo kilivyokuja, na wao wataje anachotakiwa kutoa. Akishatoa, wanamfungua: marehemu hamdai tena, ni huru hata kuoa. Niliwaza nitatajiwa kitu kikubwa. Nilijitayarisha. Mbuzi kumi, pesa ndani ya mfuko, hata karatasi za kamyo nilizileta. Papa Monga hashindwi kulipa!

Kasongo, macho mekundu, akaniuliza, "Shemeki, dada yangu alifikaje ku banyuki saa nane ya muchana?"

Nikasema uongo. Mbele ya jeneza! Nilisema alikwenda mwenyewe, mimi nilikuwa na wageni, nilisikia kelele tu.

Wageni wangu walikuwapo. Wakaangalia viatu vyao. Kyungu akasimama katikati ya wanawake, mikono yake imefungwa bandeji.

"Papa alikunywa," akasema. "Mama alimukataza. Mama aliomba kofia. Kofia ilikuwa moja, sababu ile ya pili papa alisema bei ni kali. Na mulango, papa njo alifunga."

Ndugu wa Ngoie walikwenda nyuma ya nyumba kushauriana. Hawakukawia. Nilinyoosha mfuko kabla Kasongo hajafungua mdomo, nikasema watwae wote, na kamyo pia.

"Mbuzi zako rudisha," Kasongo akasema. "Kamyo rudisha. Enda kwa Saidi, ulete ile kofia ya dada yetu. Tutamuzika nayo. Kingine hatutaki."

"Na kunifungua?"

"Hatukufungui."

Nilitembea kwa miguu mpaka dukani, watu wananiangalia. Ile kofia bado ilikuwa kwenye msumari, imeshika vumbi. Saidi aliipangusa kwa kanzu yake mwenyewe. Akataka kunipa bure. Nilikataa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuomba anipunguzie.

Wakamvika pale pale, wavu juu ya uso ule, wakafunga jeneza.

Siku ya tatu Kasongo alikuja asubuhi, tumbo tupu, akachukua nyuki wake. Hakuumwa hata mara moja. Kyungu alihamia kwa wajomba zake. Sina mke wala ruhusa ya kuoa, sina binti, na ile divai imebaki. Sijaimwaga, sijainywa.

Ndugu zangu, nawasihi! Mkitaka nyuki, fugeni. Mkitaka divai, tengenezeni. Lakini sheria ya wenye nyuki msiicheke, na kabla hamjanunua kofia ya uso wenu, nunueni ya yule anayewashikia moshi.

Watu wa Kamina wanaulizana kwa siri wakwe walinitoza nini, mtu mwenye mali kama mimi. Wengine wanasema kamyo, wengine nyumba mbili. Acheni kubahatisha. Nilitoa faranga elfu kumi na nane.